Nyimbo Nane za Kutu: Usiku wa Ijumaa

Jumapili iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama jikoni kwangu, Kombani, simu ya mke wangu mkononi, chai inafurika mekoni na mimi siioni.

Kwa ambaye ndio kwanza anafungua ukurasa huu, mimi naitwa Chande. Leo nakodisha spika na maturubali ya harusi, lakini zamani nilipiga gitaa la besi katika bendi ya roki iliyoitwa Kutu. Jina lilitokana na banda la mabati mabovu tulilofanyia mazoezi kule Ramisi. Sefu akipiga ngoma kwa nguvu, vumbi jekundu lilitudondokea vichwani. Tulikuwa wanne: mimi, Sefu wa ngoma, Katana wa gitaa, na Twaiba wa sauti. Twaiba ndiye mke wangu.

Mwaka wa 2009 tulirekodi nyimbo nane katika studio moja Ukunda. Hazikutoka. Studio ilifungwa, mashine zikabebwa, nyimbo zikapotea. Nikasimama mbele za watu nikasema Katana ameziiba. Katana akafukuzwa kazi yake ya mitambo hotelini Diani, akahamia Jego, na mimi naye hatukusemezana tena.

Kisha mwezi uliopita, harusini Msambweni, nikasikia wimbo wetu "Moshi wa Miwa" ukitoka katika spika zangu mwenyewe. Nikaapa nitamjua aliyenazo.

Na jikoni ndipo nikausoma ule ujumbe kwenye simu ya Twaiba: "Mama, zimefika. Baba hajui bado." Aliyeutuma ni Kache. Kache ni binti yake Katana.

Dada mmoja wa Lungalunga ameniandikia akiniuliza nilikuwa natafuta nini katika simu ya mke wangu. Dada, nilikuwa natafuta nilichokipata.

Haya, tuendelee.

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijifichi. Nikipewa chai yenye sukari nyingi kuliko kawaida, najiuliza nimekosewa nini. Basi niliposikia kandambili za Twaiba ukumbini, niliirudisha simu palepale ilipokuwa, nikashika kijiko, nikajifanya nakoroga.

"Chai yote imemwagika, baba Yusra," akasema. "Uko wapi wewe?"

"Nipo."

"Kesho nashuka Ukunda. Kwa daktari wa meno."

"Jino lipi?"

"La nyuma."

Nikaitikia kwa kichwa. Ingekuwa Jumanne ya tano mfululizo Twaiba anakwenda kwa daktari wa meno. Kwa hesabu yangu, kufikia siku hiyo alipaswa awe kibogoyo. Lakini meno yake yote yalikuwepo, nikayaona pale alipokuwa akinicheka.

Sikulala vizuri. Neno moja lilikuwa likinizunguka. Mama. Kwa nini Kache amwite Twaiba mama? Heshima, utasema. Mimi nami nilijiambia hivyo hivyo kwa muda wa dakika tano. Kisha nikakumbuka kwamba kabla ya bendi, Twaiba aliwahi kukaa Tanga kwa shangazi yake miezi minane. Nikahesabu miaka kwa vidole. Kache ana ishirini na moja.

Msinicheke. Aliyeonja kushuku anajua. Asubuhi nilikuwa nimeshampa mke wangu mtoto, na Katana nimeshampa ubaba, na mimi nimejipa ule ujinga wa yule "baba hajui bado."

Jumanne nikamfuata.

Kwa daktari wa meno hakufika. Alipita mtaani, akakata njia ya kwenda Diani, akaenda mpaka kwenye geti la wafanyakazi la hoteli moja ya ufukweni. Nje ya geti kuna mama anauza viazi vya karai, ana benchi moja refu. Kwenye benchi alikuwa amekaa msichana aliyevaa sare ya wahudumu. Alipogeuka, sikuhitaji kuambiwa. Paji la uso lile nilikuwa nimelitazama miaka mitatu ng'ambo ya ngoma za Sefu. Lilikuwa la Katana.

Nikajibanza kwenye kona ya ukuta.

Twaiba akaketi. Wakaongea. Sikusikia kitu. Kisha mke wangu akafungua mkoba, akatoa kitu bapa kilichofungwa kwa kipande cha kanga, akakiweka mapajani pa yule msichana. Msichana akamkumbatia. Twaiba akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Buda," sauti ikasema nyuma yangu, "unachungulia nani hapo? Umekaa kwa hiyo kona kama CID."

Alikuwa askari wa geti, kijana wa bara. Nikamwambia nangoja mtu.

"Si ungojee kwa benchi kama watu? Hapo unatisha wateja wa viazi."

Twaiba alikuwa ameshainuka na kuondoka. Hakuniona. Nikatoka kwenye kona, nikavuka, nikasimama mbele ya msichana.

"Shikamoo, mzee," akasema. Hakushtuka hata kidogo.

"Marahaba. Wanijua?"

"Nakujua. Wewe ndiye Chande. Picha yako ipo nyumbani, ile ya nyinyi wanne mbele ya banda. Mama alitaka kuukata upande wako, baba akakataa."

Nikakimbilia shari.

"Umepewa nini hicho na mke wangu?"

Akakifungua. Ndani ya kanga kulikuwa na kasha la sidii, plastiki yake imekuwa ya manjano kwa uzee. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa Twaiba: MAWAIDHA.

Kasha hilo nalijua. Limekaa kwenye sanduku letu la nguo tangu tulipooana. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuliomba mara mbili ili asikilize, na mara zote mbili Twaiba alimwambia lina mikwaruzo.

"Si mawaidha," nikasema.

"Si mawaidha," akasema Kache. "Ni nyimbo nane. Nakala yake alinitumia mwanzo kwenye memori kadi, ndipo nikamwandikia kwamba zimefika. Mmoja nikampa emsii wa harusi, anisaidie kuupiga watu wauzoee. Hii ndiyo yenyewe, niipeleke kwa baba Jego."

Kwa hiyo Katana hakuwa nazo. Miaka yote hii hakuwa nazo. Zilikuwa chini ya kanga za mke wangu, hatua nne kutoka kitandani kwangu.

Ningepaswa kufikiri hapo. Badala yake nikauliza upuzi.

"Na kwa nini wamwita mama?"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Nimwite nani? Nimwite Twaiba, mtu mzima wa rika la mamangu?"

Nikaketi. Mama wa viazi akaniuliza kama naongeza pilipili, ilhali sikuwa nimenunua kitu.

"Mzee," akasema Kache, "wimbo wa nane umeusikiliza mpaka mwisho?"

"Sijausikiliza tangu tuupige. Ningeusikilizia wapi?"

Akatoa simu yake na nyaya za masikioni. Sikio moja akanipa mimi, jingine akatia lake. Tukakaa hivyo benchini, mimi na binti wa adui yangu, tumefungwa kwa waya mmoja.

Wimbo wa nane unaitwa "Chumvi." Gitaa la Katana linaingia peke yake, linakwaruza, linapanda, halafu ndio sisi wengine tunakuja. Jamani, tulikuwa wazuri. Nilikuwa nimesahau. Nilikaa miaka kumi na mitano nikimchukia mtu kwa ajili ya nyimbo hizi na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni nzuri.

Wimbo ukaisha. Sefu akakohoa. Twaiba akacheka, kicheko cha msichana wa miaka ishirini na mitatu. Kiti kikaburutwa. Maikrofoni haikuwa imezimwa.

Kisha nikajisikia mimi.

"Katana, sikiza. Ile diski kubwa ya hotelini uje nayo. Usiku wa Ijumaa, baada ya isha, hapa hapa."

"Usiku wa Ijumaa," ikasema sauti ya Katana.

"Usichelewe."

"Sichelewi. Kuna nini kwani?"

"We njoo tu."

Ikakatika.

Kache akavuta waya, akauviringa kidoleni polepole.

"Nina swali, mzee. Usiku wa Ijumaa ndio upi?"

"Swali gani hilo? Alhamisi jua likitua, usiku wa Ijumaa umeingia. Ukiamka ni Ijumaa."

"Kwenu."

"Kwa kila mtu."

"Mimi nimekulia Jego," akasema. "Nimecheza na watoto wa chuo cha Kurani, najua wanavyosema. Lakini baba yangu alikuja Ramisi ukubwani. Yeye ni wa Samburu ya Kinango, kwao wanachunga ng'ombe, siku kwao huanza asubuhi. Ukimwambia usiku wa Ijumaa, atakuja Ijumaa, jua likishazama."

Nikahesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa.

Ngojeni niwaeleze, maana hapa ndipo kesi yangu yote iliposimama, na hapa ndipo ilipoanguka.

Wiki ile ya mwaka wa 2009, mwenye studio, Mwinga, alinivuta pembeni. Akaniambia mashine zinachukuliwa Ijumaa asubuhi, kuna mtu wa Mombasa ameshazinunua. Nyimbo zetu ziko ndani, ni nzito, zahitaji diski kubwa. Anayeweza kupata diski kama ile ni Katana tu, kwa kazi yake ya hotelini. Nikamwambia Katana aje. Lakini sikumwambia kwa nini. Ningemwambia tu, "Katana, mashine zinaondoka Ijumaa asubuhi," angejua mwenyewe ni usiku upi. Sikumwambia, kwa sababu nilimshuku. Nilihofia akijua atazichukua yeye kwanza, awe ndiye mkubwa wa bendi.

Alhamisi baada ya isha nilikuwa mlangoni pa studio. Nikangoja mpaka Mwinga akachoka akaniomba aende kulala. Katana hakuja. Ijumaa asubuhi mashine zikapakiwa.

Ijumaa hiyo, isha imeshaswaliwa, nilikuwa natoka msikitini nikapita ile njia kwa uchungu tu, kutazama mlango uliofungwa. Na nani nikamwona pale? Katana. Begi mgongoni. Ameshika komeo la mlango.

Jumamosi nikawaambia watu wote Ramisi: nimemwona kwa macho yangu akifunga mlango wa studio, diski begini. Hotelini wakaikagua diski, wakaikuta tupu. Nikasema, ameshazihamisha. Hotelini wakasema, diski ni yetu, na aliitoa nje bila ruhusa. Wakamfukuza.

Siku ile ya Jumamosi Katana alisema sentensi moja tu. Aliirudia mara tatu, nne. "Nilikuja siku uliyoniambia." Watu wakamcheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Niliona ni ukavu wa macho usio na mfano.

Sasa nisikilizeni, maana haya ndiyo niliyokuwa nikiyakwepa tangu sehemu ya kwanza. Nilisema alikuwa akifunga mlango. Hakuwa akifunga. Alikuwa akibisha. Nilimsikia akibisha. Nilimsikia hata akipiga hodi. Nilipofika Ramisi kubisha kukawa kufunga, na baada ya kulisema mara kumi nikawa naiona kufuli kwenye mkono wake.

Nikamwambia Kache hayo. Yote. Sijui kwa nini nilimwambia yeye kabla ya mtu mwingine. Labda kwa sababu ya lile paji la uso.

Hakulia. Hakunitukana.

"Mwizi gani anapiga hodi, mzee?" akauliza.

"Hakuna."

"Baba hutuambia kwamba alibisha mpaka vifundo vikamwuma. Na kuna jambo jingine hutuambia." Akanitazama moja kwa moja. "Anasema alipogeuka alikuona. Umesimama ng'ambo ya barabara, na kanzu. Akafurahi. Akadhani ndio umefika na ufunguo. Akakuinulia mkono."

Nikafumba macho.

"Ukageuka ukaenda zako," akasema.

Mkono ule naukumbuka. Huo nao nilikuwa na maelezo yake. Nilisema mbele za watu kwamba aliponiona alijifunika uso.

Askari wa geti akamwita Kache, zamu yake imefika. Akaifunga sidii kwa kile kipande cha kanga, akainuka.

"Kesho nina mapumziko. Naipeleka Jego," akasema. "Nitamwambia ulichoniambia. Chote."

"Mwambie," nikasema. Kisha nikaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Mwambie na..."

"Hilo jingine utamwambia mwenyewe."

Nilifika Kombani kabla ya Twaiba kuvua buibui. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku la nguo limefunguliwa mbele yake.

"Jino limetoka?" nikamwuliza.

Akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi.

"Limetoka," akasema.

"Mwinga ndiye aliyekupa?"

"Siku ile ile ya mwisho ya kurekodi. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, wajua. Alizichanganya harakaharaka akanitilia kwenye sidii, nizisikilize nyumbani. Mlikuwa mmeshatoka."

"Mbona hukusema? Tulipozitafuta mpaka chini ya vitanda?"

"Mahari yangu ilikuwa imeshapokelewa, Chande. Baba yangu hakujua kwamba naimba. Alidhani nakuja Ramisi kushona. Zingetoka zile nyimbo, sauti yangu iko juu ya zote nane. Ndoa ingekufa. Zilipopotea mimi nilishukuru Mungu, na Mwinga nikamwomba anyamaze. Hilo ndilo kosa langu, na nalibeba."

"Na Katana?"

Akaanza kuzikunja upya kanga za sandukuni.

"Twaiba. Wimbo wa nane uliusikiliza mpaka mwisho lini?"

"Mwaka tuliooana."

Nikamtaka arudie. Akarudia. Mwaka tuliooana, mimi niko kazini, alitia sidii kwenye redio, akasikia "usiku wa Ijumaa," akasikia jibu la Katana, akakumbuka ile "nilikuja siku uliyoniambia." Akaelewa peke yake, amekaa sakafuni, mimba ya Yusra tumboni.

"Miaka yote hiyo ulikuwa wajua kwamba si mwizi?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Ningekwambia nini? Kwamba ninayo sidii? Ungeniuliza nani kanipa. Ningesema Mwinga. Halafu ungeniuliza nini, Chande? Niambie wewe. Swali la pili lingekuwa lipi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Maana, ndugu zangu wasomaji, na hili naliungama kwa aibu, swali lilikuwa tayari ulimini. Palepale, katikati ya msiba huo wote, kuna kijidudu ndani yangu kilikuwa kikiuliza: kwa nini Mwinga alimpa yeye peke yake?

Twaiba akaliona usoni pangu.

"Enhe," akasema. "Ndilo hilo."

Akafunga sanduku. Akaniambia kwamba miezi miwili nyuma alikwenda kwenye harusi Ukunda, akasikia msichana anaimba, na kabla ya kuambiwa ni nani alishajua, kwa sababu alikuwa akiimba ile njia ya gitaa ya "Chumvi" bila maneno. Kache alijifunza kwa baba yake. Katana gitaa hana tena, huipiga kwa mdomo akitengeneza baiskeli za watu.

"Nikashindwa," akasema Twaiba. "Kwako nilishindwa kusema. Kwa mtoto wake nikaweza."

Jumatano nzima hatukuongea ila kuhusu chumvi na maji. Nilijaribu kumkasirikia, na hasira ikaja, lakini kila ilipofika ilinikuta mimi mlangoni. Mimi ndiye niliyeficha sababu. Mimi ndiye niliyegeuza kubisha kukawa kufunga. Yeye alinyamaza juu ya uongo, lakini uongo wenyewe ulikuwa wangu. Niliona haya kula chakula chake.

Alhamisi asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo, ami."

Ami. Juzi nilikuwa mzee tu. Nikakaa chini.

"Marahaba, mwanangu. Niambie."

"Jana nimempa. Ametafuta redio ya jirani, amesikiliza zote. Ule wa nane ameurudia mara nne."

"Amesema nini?"

"Alikuwa ameshika tairi ya mtu. Halafu akaniuliza kama kweli umesema kwamba alikuwa akibisha. Nikamwambia umesema. Akauliza kama ulisema mwenyewe, bila kubanwa. Nikamwambia ndiyo. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko."

"Yuko vipi?"

"Sijui, ami. Siwezi kukwambia uongo. Sijamwona hivyo. Alivyorudi akasema anakuja kwako."

"Anakuja kunifanya nini?"

"Hakusema. Na ametoa ile picha kwenye fremu, ameitia mfukoni."

"Lini? Anakuja lini?"

Nilisikia pumzi yake.

"Nimemwuliza. Akasema, mwambie Chande nitakuja usiku wa Ijumaa."

Nikasimama.

"Upi?" nikauliza.

"Nami nimemwuliza hivyo hivyo. Upi, baba? Wa huku au wa kwenu? Akacheka. Ami, baba hajacheka siku nyingi. Akasema, Chande mwenyewe anaujua."

Akakata.

Nikahesabu. Katana amekaa Jego miaka kumi na mitano, kati ya Waislamu, amesikia adhana mara tano kila siku. Kwa sasa anazijua namna zote mbili. Akitaka aweza kuja kwa hesabu yangu, kunionyesha kwamba amejifunza. Akitaka aweza kuja kwa hesabu yake, siku ile ile aliyokuja mara ya kwanza, kunionyesha kwamba hakukosea. Na akitaka aweza asije kabisa, anikalishe mlangoni kama nilivyomkalisha yeye. Hilo la tatu ndilo lililoniogopesha kuliko yote, na nilijua kwamba ana haki nalo.

Alasiri niliposwali sikujua nimeswali rakaa ngapi. Nikarudia.

Twaiba alikuwa uani, amechutama mbele ya sufuria, kuku amemshika miguu, kisu kiko chini. Kuku alikuwa mmoja tu, yule jogoo mkubwa.

"Chande," akaniita kwa jina, kama enzi za banda. "Nimchinjishe leo au kesho?"

"Leo."

"Na asipokuja leo?"

"Kesho tutatafuta mwingine."

Akanitazama sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne tunatazamana bila mmoja kukwepa. Akamkabidhi jirani mmoja jogoo amchinje, akaingia ndani kutoa zile sahani za wageni, akaziweka tatu mkekani.

Jua lilikuwa limeshaanza kugusa minazi ya upande wa Kwale. Nikaenda kwenye mlango wa mbele. Huufunga daima, hata mchana, mtaa mzima wanalijua hilo, wananicheka kwalo. Nikatoa komeo. Nikaufungua wote mpaka ukagonga ukuta, nikatafuta jiwe zito nikauegemeza, ili mtu atakayekuja asilazimike kubisha.

Muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti, akaanza adhana ya magharibi. Usiku wa Ijumaa ukaingia, wa kwangu. Barabarani kulikuwa na watu wengi wanapita, na kila mwenye begi mgongoni moyo wangu ulimfuata mpaka akapita.

"Utaufunga saa ngapi?" Twaiba akauliza nyuma yangu.

"Haufungwi," nikamwambia. "Mpaka Jumamosi."